Mama Mzazi Anapoachwa Nje ya Mlango wa Arusi

Arusi kwetu ni watu. Anayeoa ni mmoja na anayeolewa ni mmoja, lakini wanaochanga, wanaokesha wakimenya viazi na wanaogombania viti vya mbele kanisani huwa ni ukoo mzima na nusu ya mtaa. Shangazi mmoja akisahauliwa katika kadi, msomaji, wewe mwenyewe unajua yatakayosemwa hadi Krismasi. Seuze mama mzazi!

Sasa ifikirie arusi ambayo mama wa bi arusi amefika mapema, amevaa nguo yake mpya, ametia leso ya machozi mkobani, na mlangoni anaelezwa kwa upole kwamba safari yake inakomea hapo. Binti yake ataingia. Mkwe wake ataingia. Wazazi wa bwana arusi wataingia. Yeye atangoja sebuleni, au nje kwenye bustani ya maua. Baada ya kitambo kisichofika saa moja mlango utafunguliwa, na binti atatoka akiwa tayari ni mke wa mtu.

Hayo si ya kubuni. Ndivyo mambo yalivyo katika mahekalu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamormoni. (Tangu 2018 viongozi wao wamekuwa wakisisitiza kwamba jina hilo la mkato liachwe na kanisa litajwe kwa jina lake kamili. Nitajitahidi, ingawa ukurasa huu nao una mwisho.) Kanisa hilo liliasisiwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, mwaka wa 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Hapa Kenya lilitambuliwa rasmi 1991.

Kwa miaka mingi hekalu lilikuwa jambo la mbali kwetu. Muumini wa Kenya aliyetaka arusi ya hekaluni alilazimika kutafuta pasipoti na nauli ya ndege hadi Afrika Kusini, ambako hekalu la Johannesburg lilifunguliwa 1985. Hakuna mzazi aliyenuna kwa kutoalikwa Johannesburg. Nauli yenyewe ilikuwa jibu tosha. Lakini mnamo tarehe 18 Mei 2025 hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu, la kwanza humu nchini. Sasa mlango huo uko umbali wa safari ya matatu, na swali ambalo familia za Utah zimelizoea kwa vizazi vingi limetua kwetu: ni nani anayeruhusiwa kuingia?

Kabla ya kulijibu, yafaa tuondoe utata fulani. Kanisa hili lina majengo ya aina mbili. Kuna makanisa ya kawaida ya mitaani, ambamo ibada ya Jumapili hufanywa. Humo kila mtu hukaribishwa, awe muumini au mpita njia, na hakuna atakayemuuliza kitu. Kisha kuna mahekalu, ambayo ni machache, zaidi ya 200 ulimwenguni kote. Hayo hufungwa Jumapili. Hekalu jipya linapokamilika huachwa wazi kwa majuma kadhaa ili umma uingie na kujionea, kisha linawekwa wakfu, na tangu siku hiyo haingii ila mwenye kibali.

Na kwa wale ambao wakisikia neno Mormoni hukumbuka wanaume wenye wake kumi: kanisa hili lilitangaza kuacha kuoa wake wengi mwaka wa 1890. Vikundi vinavyoendelea na desturi hiyo huko Marekani vilijitenga nalo zamani. Hayo tuyaache.

Arusi ya hekaluni wao huiita kuunganishwa, na haifanani na arusi tunayoijua. Hakuna maandamano ya bi arusi, hakuna kwaya, hakuna mpiga picha, wala baba hamshiki binti mkono kumpeleka mbele. Wote walioingia huwa kimya, na bwana na bi arusi huvaa mavazi meupe. Chumba ni kidogo, chenye madhabahu katikati, na bwana na bi arusi hupiga magoti pande mbili za madhabahu hiyo wakiwa wameshikana mikono. Ukutani huwa mna vioo viwili vinavyotazamana, hivi kwamba wakiinua macho hujiona wamerudiwa na kurudiwa, sura nyuma ya sura, bila mwisho.

Vioo hivyo havikuwekwa kwa urembo. Makanisani mwetu mchungaji husema ndoa itadumu hadi kifo. Waumini hawa husema neno hilo ni fupi mno. Wanaamini kwamba ndoa iliyofungwa hekaluni na mwenye mamlaka haivunjwi na kaburi, na kwamba watoto wataendelea kuwa wa baba na mama yao hata ng'ambo ya pili. Nani asiyetamani hilo? Aliyemzika mume au mtoto anaelewa kwa nini mtu akafunga safari ya ndege hadi Johannesburg kulifuata. Ndiyo sababu kwa muumini wa kweli kumwambia, "Kwani ni lazima hekaluni? Si mfunge tu hapa kanisani kama wenzenu!" ni kumwambia aache kilicho kikubwa zaidi katika imani yake.

Lakini humo ndimo mnamochoma. Ibada inayohubiri kwamba jamaa hawatatengana milele huanza kwa kumtenga mama na mwanawe kwa nusu saa hiyo ambayo hairudi.

Kibali chenyewe ni kikaratasi kidogo kinachotiwa sahihi baada ya mahojiano mawili: ya kwanza na askofu wa mtaa au mmoja wa wasaidizi wake, ya pili na kiongozi aliye juu yake. Hudumu miaka miwili, kisha mahojiano hurudiwa. Maswali yanajulikana, kwani kanisa lenyewe huyachapisha. Unamwamini Mungu na Yesu Kristo? Unatoa fungu la kumi kikamilifu? Je, wewe ni mwaminifu katika mambo yako? Mwenendo wako ni safi kuhusu mambo ya unyumba? Aliyeachana na mwenziwe huulizwa kama anatimiza wajibu wake wa kifedha kwa watoto na kwa aliyekuwa mke au mume wake. Hilo, kwa maoni yangu, hata makanisa mengine yangeliazima. Kisha lipo swali la vileo, tumbaku, kahawa na chai. Naam, chai! Mkulima wa Kericho anayejiburudisha kwa kikombe kimoja cha jasho lake mwenyewe kila alfajiri hapati kibali.

Kwa hivyo wanaobaki nje si wasiokuwa waumini peke yao. Mdogo wa bi arusi mwenye miaka kumi na minne, aliyezaliwa na kulelewa ndani ya kanisa hilohilo, hubaki nje, kwa sababu kuunganishwa hushuhudiwa na watu wazima waliokwisha kupitia ibada ya maandalizi ya hekaluni. Kaka aliyeliacha kanisa hubaki nje. Baba ambaye ni muumini wa miaka thelathini lakini kibali chake kimekwisha na hajakifanya upya, naye hubaki nje, na huyo hali yake ni ngumu kuliko ya wote. Wasio waumini wakiachwa mlangoni, kila mtu anajua sababu. Yeye akionekana bustanini akipigapiga hatua, wageni huanza kuulizana kwa macho: amefanya nini huyu? Siri kati ya mtu na askofu wake huwa imetandazwa uani siku ya arusi ya mwanawe.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Mitt Romney, yule aliyewania urais wa Marekani 2012 akashindwa na Barack Obama. Alimpenda Ann Davies wangali vijana wadogo katika jimbo la Michigan. Ann alizaliwa nje ya kanisa hili akajiunga nalo baadaye. Baba yake, Edward Davies, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa mji wao wa Bloomfield Hills, hakuwa mtu wa kupenda dini za makundi. Vijana hao walifanya arusi mara mbili. Tarehe 21 Machi 1969 walioana kisheria Bloomfield Hills, wazazi wa pande zote wakiwapo. Kesho yake wakapanda ndege hadi Salt Lake City, wakaunganishwa katika hekalu lile maarufu ambalo ujenzi wake ulichukua miaka 40, kutoka 1853 hadi 1893. Wazazi wa Ann hawakuingia. Waliandaliwa karamu ya arusi ng'ambo ya barabara.

Utasema, basi tatizo liko wapi, si waliona arusi ya kwanza? Ni kweli, na laiti kila mzazi angepewa hiyo. Lakini kwa miongo kadhaa kanuni iliyotumika Marekani na Kanada ilikuwa kwamba wawili wakifunga ndoa nje ya hekalu kwanza, hata kama ni kwa ajili ya mama tu, walipaswa kungoja mwaka mzima kabla ya kuunganishwa. Shabaha ilikuwa kuwafanya vijana waweke hekalu mbele. Matokeo yake majumbani yalikuwa mengine. Binti alitakiwa achague: mama yake amwone akiolewa na yeye akae mwaka mmoja bila baraka anayoiamini, tena waumini wenzake wakijiuliza kuna nini kilichofichwa, au aingie hekaluni mara moja na mama asimwone kabisa. Wengi walichagua hekalu. Na wako akina mama waliozeeka na uchungu huo, wala hawakuwa na ugomvi na Mungu yeyote.

Lililozidisha uchungu ni kwamba kanuni hiyo haikuwa ya ulimwengu mzima. Sheria ya Uingereza inataka ndoa ifungwe mahali ambapo milango haikufungiwa watu, na hekalu haliwezi kutimiza sharti hilo. Kwa hivyo waumini wa huko hufunga ndoa kwanza katika kanisa la mtaa au kwa msajili, mama na shangazi wakiwa wameketi mbele, kisha ndio waende hekaluni, bila kungojeshwa mwaka. Nchi kadhaa nyingine ziko vivyo hivyo. Mzazi wa Arizona angeuliza kwa haki kabisa: Mungu wa Uingereza ni mwingine?

Mlango huo, kwa njia, umewahi kupelekwa mahakamani. Kanisa lilitaka mahekalu yake ya Uingereza yasamehewe kodi ya majengo kama mahali pengine pa ibada. Mwaka wa 1963 majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo walikataa kuhusu hekalu lililoko Surrey, wakisema ibada ambayo umma hauruhusiwi kuingia si ibada ya umma. Mwaka wa 2008 walikataa tena kuhusu hekalu la Preston, na Machi 2014 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ikakubaliana nao. Kanisa halikufungua mlango kwa ajili ya kodi. Unaweza kulilaumu kwa mengine, si kwa kigeugeu.

Wala mimi sitalilaumu kwa kuwa na mahali patakatifu. Asiyekuwa Mwislamu haingii Makka, na hakuna mwenye busara anayeandamana kupinga. Wamijikenda wana kaya zao, misitu ambamo si kila mtu hukanyaga, na si kila mwenye kuruhusiwa msituni huruhusiwa kufika kati. Mwenye nyumba ndiye mwenye kusema viatu vivuliwe wapi. Tofauti iliyopo ni kwamba Makka na kaya hazikufanywa kuwa mahali pa pekee ambapo mzazi angeweza kumwona mwanawe akiolewa.

Kanuni ya mwaka mmoja iliondolewa tarehe 6 Mei 2019. Barua ya Urais wa Kwanza, yaani Russell M. Nelson na washauri wake wawili, ilieleza kwamba waliooana kisheria nje ya hekalu wanaweza kuunganishwa mara wawapo tayari na vibali vyao, popote walipo. Viongozi walihimiza arusi hiyo ya kwanza isipambwe hadi ikafunika ya hekaluni. Mwaka huohuo, Oktoba, walitangaza kwamba wanawake wenye vibali nao wanaweza kuwa mashahidi wa kuunganishwa, kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya wanaume. Kwa hivyo leo mama muumini anaweza kukaa katika kiti cha shahidi wa ndoa ya binti yake, na mama asiye muumini anaweza kushuhudia ndoa ya kisheria asubuhi au jana yake. Nelson alifariki Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 101. Sidhani kuna uamuzi wake mwingine uliokausha machozi mengi ya akina mama kuliko huo wa barua.

Turudi Nairobi. Humu mwetu jambo hili lina sura yake. Wengi wanaoingia hekaluni si maharusi wapya, bali ni watu waliooana zamani, wenye watoto, wakijiunga na kanisa wakiwa watu wazima. Hao huunganishwa pamoja na watoto wao, ambao huletwa chumbani wakiwa wamevaa nyeupe. Hapo mtoto mdogo huingia na nyanya yake hubaki nje!

Vijana wanaooana sasa nao wana hatua nyingi za jamaa kabla ya kufika mlangoni hapo: posa, mahari, mbuzi, wazee kukutana mara mbili tatu. Mzazi amekaa mstari wa mbele katika hayo yote. Ndiyo maana akiambiwa katika kikao cha mwisho cha kamati ya arusi, kadi zimekwisha kuchapishwa na hema limelipiwa, kwamba kuna mahali ambapo yeye hafiki, haisikii kama kanuni ya kanisa. Anaisikia kama mtoto anayemwonea haya.

Kwa hivyo, kijana, liseme mapema. Liseme kabla ya posa ikiwezekana, tena ulipeleke mwenyewe; usimtume askofu, usimtume mjomba. Mweleze mama kuwa wangeachwa nje hata mawaziri. Kisha fungeni ndoa ya kisheria kwanza, hadharani, mpeni baba nafasi yake ya kumshika binti mkono, na viapo viwe viapo kweli. Kuna waliozoea kuunganishwa kwanza halafu kuwafanyia wazazi kisherehe cha kuvishana pete ukumbini. Wazee si wajinga. Wanajua ndoa iliyokwisha kufungwa wakiiona.

Na mzazi, najua linauma, lakini usimwambie mtoto achague kati yako na Mungu wake. Atachagua, na jibu laweza kukukalia vibaya miaka ishirini. Usimtie mwanao katika njama za kumdanganya askofu ili ndugu fulani apate kibali. Wala usikimbilie kubatizwa mwezi mmoja kabla ya arusi ili uingie, maana nimesikia wanaolifikiria. Muumini mpya hungoja mwaka mmoja baada ya ubatizo kabla ya ibada hizo. Arusi itakuwa imepita, na wewe utakuwa umeacha chai bure.

Siku yenyewe, ikiwa wazee wameamua kusindikiza hadi hekaluni, waambieni kwamba bustani iko wazi kwa yeyote na kwamba picha zote hupigwa nje, kwa hivyo wavae vizuri na waje na kofia za jua. Na muwe na mpango wa yule anayebaki. Si lazima kila mwenye kibali aingie. Bi arusi na amwombe shangazi mmoja aliyekwisha kuziona arusi nyingi za humo asamehe hiyo moja, akae bustanini na mama, wazungumze, na mlango utakapofunguliwa mama awe wa kwanza kumkumbatia binti yake.